Sabufa ya Inchi Nane

Chumba changu futi kumi kwa tisa,
Michenzani, ghorofa ya nne, ukuta wa saruji
usiomeza kitu: ukikohoa, nao hukohoa.
Nilikuwa na spika mbili ndogo, za kusema kweli,
ila kweli nusu.
Udi ziliuimba, fidla ziliiimba,
kanuni hadi ukucha wa mpigaji ukausikia,
na chini yake patupu,
kama nyumba iliyojengwa juu ya pazia.

Darajani, dukani kwa Shaibu,
kila boksi linawaka taa za arusi.
"Chukua hii ya kumi na tano, Ussi.
Ukiiwasha, Forodhani watajua umeamka."
Shaibu, mie sina shughuli. Nina kiti kimoja.
Akanitazama kama niliyeomba nusu kitumbua.

Nyuma, chini ya mafeni yaliyokufa, nikaiona:
nyeusi, nzito, inchi nane,
boksi limezibwa pande zote, halina tundu la kupumulia,
wala taa ya kuonyesha ipo hai.
"Hiyo haivumi," akasema.
Ivumayo hupasuka. Taja bei.

Nikaipandisha ngazi nimeikumbatia,
kama mtoto mwenye homa.

Nikaitia pembeni, pembe ya kuta mbili,
maana ndipo palipokuwa wazi.
Balaa.
Noti tatu zikapiga kelele, ya nne ikapotea,
sauti zote za chini zikawa neno moja: buu.
Vikombe vya Salhina vikagongana kabatini.
Bi Mkasi wa chini akagonga dari kwa mpini wa ufagio,
mara mbili, kwa adabu.

Basi nikafanya nilivyoelekezwa zamani na fundi mmoja wa redio:
mgeni mkalishe kwenye kiti chako,
mwenyeji utambae.
Sabufa juu ya kiti, mie sakafuni kwa magoti,
sikio kwenye zulia, nafuata ukuta
shubiri kwa shubiri. Hapa inanguruma.
Hapa imekufa. Hapa inasema kwa pua.
Salhina akasimama mlangoni na mwiko mkononi.
"Umepoteza pete?"
Natafuta mahali.
"Mahali pa nini?"
Sikuwa na jibu la mtu mzima.

Palikuwa pale tunapovulia makubadhi,
baina ya mlango na sanduku la mama,
mahali pasipo na heshima yoyote.
Pale kila noti ilikuja na jina lake.

Viatu vikahamia barazani. Mgeni akashuka kitini.
Nikaikata juu, pale spika ndogo zinapoishiwa pumzi,
nikaipunguza, nikaipunguza tena,
mpaka nikashuku kama inalia.
Nikaizima: chumba kikapungua.
Nikaiwasha. Hapo hapo. Usiguse.

Kisha ile kaseti.
Ami Khelef alipiga besi kwenye klabu yao
miaka kumi na minane, na kwenye picha
uso wake nusu umefichwa na kiwiko cha mpiga fidla.
Ukoo mzima walisema: Khelef? Ah, yeye akishika gogo tu.
Nami tangu utoto kaseti hii naijua, mwimbaji namjua,
hata anayekohoa namjua.
Yeye sijamsikia hata siku moja.

Akaingia.
Hakuja kwa kishindo. Alikuja kama mwenye nyumba,
anavyoshuka ngazi gizani bila kupapasa.
Ubeti wa pili akachelewa kidogo,
akaiwahi noti iliyofuata, akaituliza,
na hapana hata mmoja kati yao aliyejua.
Salhina akageuza shingo:
"Nani huyo anayetembea?"

Asubuhi, ngazini, Bi Mkasi na kikapu chake:
"Jana hukufungua muziki?"
Nilifungua.
Akashuka, akiguna.

Kikombe kimoja bado hulia,
kwenye noti moja tu, wimbo wa tatu.
Nimekitilia kanga chini, hakikomi.
Nimekiacha.
Na kwa kuwa sabufa haina taa,
usiku kabla ya kulala huweka kiganja juu yake
nijue kama nimeizima.
Mara nyingine sijaizima.