Jani la Mvule

Miaka ishirini na saba nimeuranda mvule pale Keko.
Nimeupiga msumeno, msasa, vanishi,
nimeulaza ukawa kitanda cha maharusi wa Temeke,
nimeusimamisha ukawa mlango wa hakimu mmoja wa Oysterbay
ambaye hadi leo hajamaliza kulipa.
Naujua kwa pua, gizani.
Naujua kwa koo, vumbi lake likinipanda.
Kisha binti yangu Sikudhani, darasa la tano,
akainua kichwa kutoka kwenye daftari:
"Baba, jani la mvule likoje?"

Nikafungua mdomo.
Nikaufunga.
Mbao hazina majani.
Mbao huja na lori, usiku, zimegongwa mhuri wa serikali,
na zisizo na mhuri huja usiku zaidi.

Jumapili tukapanda treni ya Pugu,
yeye na penseli, mimi na futikamba mfukoni.
Mlinzi wa msitu, Kondo Mwinshehe,
alitupokea na buti zisizo pea moja.
Ulikuwa mwezi wa tisa. Nilitegemea kijani
kama cha kalenda ya benki.
Tukakuta msitu umejivua,
anga limeshuka hadi magotini,
na kila hatua kwacha, kwacha,
kama tunakanyaga mifuko ya kaukau.

"Mvule wako huu hapa," akasema Kondo.
Nikatazama juu mpaka kofia ikadondoka.
Mti mnene, wa kijivu,
hauna jani hata la dawa.
"Umekufa?"
Akanitazama kama mimi ninavyowatazama
wateja wanaouita mpaina mninga.
"Kufa wapi! Unabana matumizi.
Maji yamepungua, mwenye duka kafunga.
Vuli ikibisha hodi, atafungua."

Nisiseme uongo: nilitoa futikamba.
Mita tatu ziliisha kabla sijafika upande wa pili.
Kichwani vitanda sita, milango kumi,
na makombo ya kutosha vigoda.
Ndivyo macho yangu yalivyofundwa,
yanauchana mti kabla ya kuusalimu.

Upande wa mashariki palikuwa na kovu,
panga la zamani la mtu asiyemaliza alichoanza,
na gome limejikunja kulizunguka
kama midomo inayofumba neno.
Kondo akasema mti ukiumizwa hivi
ndani yake huweza kuota jiwe.
Jiwe!
Mimi na jiwe hilo tunajuana.
Limeninyofolea meno ya misumeno,
siku moja likarusha cheche
zikamuunguza Shomvi, mwanafunzi wangu, nyusi moja.
Nimelitukana kwa lugha zote za Keko,
nikamjumlisha na muuza mbao.
Kumbe nilikuwa natukana kidonda.

Sikudhani kapiga magoti kwenye majani,
anachambua kama mtu anayechagua mchele.
Hili la mkongo. Hili silo. Hili limeliwa.
Akaokota ganda la mkongo, akalitikisa,
mbegu nyeusi zikatoka na kofia zao nyekundu,
akasahau kabisa kilichomleta.
Nikainama mimi.
Goti likalia, nami nikatafuta.

Lilikuwa pana kama kiganja changu,
rangi ya majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa,
mishipa imesimama kwa upande wa chini.
Nikalinusa.
Halikunuka mvule.
Halikunuka kitu chochote ninachokijua.

Akachora mti mtupu, kalamu ya kahawia,
na rundo chini yake, jani moja moja,
mpaka taa ya ukumbini ikamulikia usingizini.
Mwalimu akampa saba kwa kumi
na swali la wino mwekundu: "Majani yako wapi?"

Jibu nimeliona jana, nikitafuta karatasi ya kupigia hesabu,
limeandikwa kwa penseli, herufi ndogo, pembeni:
"Chini. Vuli bado."