Kabichi ya Kicheche

Machi tisa, Jumapili, kinamasi nje ya Wooster, Ohio.
Saa moja asubuhi, baridi ya kung'ata masikio.
Bwana Hostetler ametangulia na fimbo yake ya hoki,
anaonja tope kwa ncha, kama mpishi na mchuzi.
Sisi watano nyuma, kimya, ndivyo tulivyoagizwa,
ila koti langu la nailoni: chakara, chakara,
na kila chakara bata wawili wanaruka.

"Sikia," anasema. Sisikii.
Nasikia barabara kuu, malori ya maziwa,
nasikia tumbo langu likiuliza uji.
Kisha, juu ya tete kavu la mwaka jana,
ndege mweusi, mabega mekundu,
sajini aliyepandishwa cheo juzi,
anatanua mbawa ili cheo kionekane,
na kwa sauti ya bawaba isiyotiwa mafuta:
hapa pangu, hapa pangu!
Hakuna anayebisha. Majike bado wako safarini.
Anautangazia upepo nyumba isiyo na mke.

Darubini ni ya kuazima, jicho moja lina ufa.
Dolores, wa zamu yangu kiwandani, ananielekeza:
"Kushoto, tawi la tatu."
Nikifika la tatu, ndege yuko la tano.
Nikifika la tano, ni tawi tu, linatikisika.

Nilikuja kwa maua. Niliahidiwa maua.
Miezi mitano macho yangu yamekula kijivu.
Nilitaka manjano, nilitaka zambarau,
kitu cha kumpigia picha dada yangu Mwanakheri
aliyeuliza: huko kwenu miti imekufa yote?

Bwana Hostetler akapiga goti topeni,
goti lile la chuma alilowekewa Novemba,
akatuita kwa kunong'ona, kana kwamba mtoto amelala.
Ua, hili? Rangi ya ini, madoa ya hudhurungi,
limejikunja mfano wa sikio la ndama,
halina shina wala adabu. Linanuka.
Wenyeji huliita kabichi ya kicheche,
na aliyelipa jina hakulisingizia.

Lakini tazama: theluji pande zote, kina cha shubiri,
na kulizunguka ua, duara la udongo mweusi, umelowa.
"Linajipasha moto lenyewe," akasema. "Halingoji jua."
Nikavua glavu. Nikatia kidole ndani.
Vuguvugu. Wallahi, vuguvugu,
kama kikombe cha chai kilichosahauliwa dirishani.
Na mle ndani nzi mmoja, mdogo, amelewa joto,
wa kwanza kumwona tangu Oktoba.
Sikumfukuza.

Garini Dolores alishusha kioo kwa ajili ya kidole changu,
tukacheka na meno yakigongana hadi taa za mjini.
Nyumbani nikaandika nyuma ya daftari la matumizi:
Ndege, aina tisa. Niliowaona mwenyewe, wanne.
Maua, moja.

Mwanakheri sikumtumia picha.
Nilimpigia simu, koti bado mwilini.
Kaa chini, nikamwambia,
nikueleze harufu.