Uzi Umerudije

Kamba hukatikia pembamba, husemwa.
Si huu. Huu ni mwembamba mwanzo hata mwisho,
unywele wa nailoni, kilo mbili ukivutwa dukani,
na ukikatika hukatikia nilipoufunga mimi.

Taisto amekaa juu ya ndoo aliyoifudikiza,
mkono wa kulia mapajani, ndani ya glavu,
kama kitu cha mtu mwingine alichoombwa akishike.
Tangu kiharusi cha Septemba mdomo ndio uliobaki fundi:
"Pitisha tunduni. Zungusha. Uzi mnene, mara tano zatosha.
Huu mwembamba, saba. Saba, Irja, usinipunje."
Nahesabu. Baridi ya nyuzi kumi na nane chini ya sifuri
inahesabu pamoja nami, kidole kwa kidole.
"Rudisha ncha kwenye kijitundu cha chini. Sasa mate."
Mate, kwa sababu nailoni ikivutwa kavu hujiunguza,
fundo likaungua kabla samaki hajaligusa.
Nalamba. Ndoana inaninasa ulimi kwa ubaridi,
kidude cha tungsteni, punje ya mtama yenye ncha,
naye anacheka kwa upande mmoja wa uso, ule uliobaki wa kucheka.
"Polepole. Usilinyonge. Lilaze."

Miaka thelathini na minane juu ya barafu hii
kazi yangu ilikuwa keekee, upawa wa kuchotea chengachenga,
chupa ya kahawa, mkate mweusi,
na kukusanya uzi uliotupotezea samaki.
Mafundo yalikuwa yake. Hakuwahi kunipa hata moja.
Nami nikawa na langu, mahali pengine,
lisilohitaji mate.

Kila samaki aliyetoroka alikuwa kosa la duka.
"Uzi mbovu wa Hyvönen!" Akautupa, akanunua mwingine.
Nikauokota, nikauzungushia kidole,
nikaona ncha imejisokota kama mkia wa nguruwe,
nikadhani ndivyo nyuzi zinavyokufa.

Mwezi jana Oona wa jirani, miaka kumi na mmoja,
magoti yake kwenye theluji, macho shimoni, akaniambia:
uzi ukirudi umenyooka, umekatika.
Ukirudi umejisokota, fundo limeteleza.
Akanionyesha na lake:
kunja uzi uwe maradufu, pitisha kitanzi tunduni,
funga kama unavyofunga kiroba cha viazi,
ivishe ndoana kitanzi kama mtoto sweta,
lowesha, vuta ncha zote pamoja.
Halina hesabu. Vidole vyenye ganzi vinaliweza.

Nikarudi nyumbani nikihesabu mikia ya nguruwe,
miaka thelathini na minane ya mikia ya nguruwe,
na Hyvönen, maskini, aliyekufa akiitwa mwizi.

Leo nimefunga la mizunguko saba, kama alivyotaka.
Saa nne na nusu sangara wa mistari akashika,
si wa supu, wa kupigiwa picha.
Kijiti cha kuvulia kikainama hadi kwenye barafu.
Taisto akainuka nusu kutoka kwenye ndoo:
mwachie, mwachie, mpe uzi!
Kisha kijiti kikanyooka.

Upepo unaburuta theluji juu ya ziwa
kama mtu anayenyang'anywa shuka.
Navuta, uzi unapita vidoleni,
ncha inatoka majini.

"Umerudije?"
Hajawahi kuuliza hivyo.
Sikujua kwamba swali hilo analijua.

Naifumba ncha kiganjani.
"Umenyooka."
Ananitazama kwa muda wa tone kuganda.
"Hyvönen huyo," asema.

Naupa upepo mgongo. Nang'ata kile kipande kilichojisokota,
nakitia mfukoni pamoja na maganda ya mkate,
nakunja uzi uwe maradufu.
"Ngapi?" auliza.
"Saba," nasema, na sizungushi hata moja.