Sentimita Nne

Alikuja na karatasi, kijana wa Katuba,
viatu vyekundu kwa vumbi la kiangazi,
akauliza kama ana ruhusa ya kuuliza.
Nikamwambia kaa, lakini si juu ya kitambaa.

"Mipaka ikifunguliwa, bidhaa zipite bila ushuru,
unakubali, unakataa, au huna maoni?"
Mguu wangu ulikuwa bado kwenye pedali.
Nilimaliza pindo kwanza. Pindo halingoji serikali.

Andika, nikasema:
mwaka juzi, kabla shule hazijafunguliwa,
nilishona sketi za buluu mia moja na arobaini,
Kabedi akiwa hapa ulipokaa, na dada yake kwenye vifungo.
Mwaka huu, kumi na tisa.
Sare zinaingia Kasumbalesa zimekunjwa ndani ya nailoni,
kola ngumu kama kadi,
na bei yake hainunui hata kitambaa changu.
Kabedi sasa anauza makala. Hakuna aliyemfukuza;
siku moja tu hapakuwa na cha kumpa ashike.

Basi unakataa, akasema, kalamu tayari.

Ngoja.
Unga wa bukari ulio ndani humo umetoka Zambia.
Lori likikwama mpakani siku nne
mfuko unapanda bei, na wanangu
wanajifunza kulala mapema.
Cherehani hii ni ya Uchina. Sindano pia.
Uzi, sijui; umeandikwa herufi nisizozisoma.
Na shaba yetu inapita barabara kuu usiku, lori nyuma ya lori,
hiyo haijawahi kunitumia mtu wa kuniuliza.

Basi unakubali?

Nilichukua futi yangu shingoni, nikapima
pale palipoachwa nafasi ya maelezo:
sentimita nne.
Hapatoshi hata mfuko wa shati la mtoto.

Akacheka. Akafunika kalamu.
Kisha kwa sauti nyingine, si ile ya karatasi,
akauliza sketi ya msichana wa miaka saba ni bei gani.
Nikamtajia.
Akatazama viatu vyake.
Sokoni, akasema polepole, wanaanzia nusu ya hapo.

Najua, nikasema. Najua wanaanzia wapi.

Ndani, maji ya bukari yalikuwa yakigonga kifuniko.
Nikamwuliza kiuno cha mtoto.
Hakujua. Akanionyesha kwa mikono miwili,
duara dogo hewani,
nami nikazungusha futi humo, ndani ya mikono yake,
nikasoma namba.