Njoo Alhamisi

Kioo cha simu kilipasuka ngazini, Huruma, ghorofa ya tano,
nikishuka huku nasoma ugomvi wa watu nisiowajua.
Fundi Musembi, kibandani mwake Luthuli,
akaigeuzageuza kama daktari wa meno:
"Njoo Alhamisi."
Ilikuwa Jumatatu.

Usiku huo kidole gumba kilikataa kulala.
Kilisugua shuka juu, juu, juu,
kikitafuta habari kwenye pamba.
Mfuko wa suruali ukatetemeka, mtupu.
Naapa ulitetemeka.

Jumanne nilikunywa chai ingali moto.

Jumatano Ondari alicheka mezani
nikaona pengo.
"Jino limeenda wapi?"
Akaacha kutafuna.
"Lilitoka siku ya ile mvua kubwa, baba.
Nilikuonyesha. Ukasema sawa, sawa."
Ile mvua ina wiki tatu.
Sukuma ikanikwama kooni.
Akalileta ndani ya kiberiti kitupu,
dogo kama punje ya mchele,
nikalishika kwa kidole kilekile.
"Kaa nalo," akasema, "mimi naota lingine."

Alhamisi nililipa elfu mbili na mia tatu.
Simu ikawaka, ikalia, ikalia:
jumbe mia nne na kumi na mbili,
hata mmoja haukuuliza kama niko hai.
Musembi akapangusa kioo kwa pindo la shati.
"Hebu angalia. Sasa unaona vizuri?"

Naona, fundi.

Nikaizima. Nikaifuata Juja Road kwa miguu,
mfukoni kiberiti kikichezacheza
kila hatua.