Tripu Moja Pungufu

Nilianza na mtarimbo saa moja, jua halijapata makali,
chini kidogo ya Oldonyo Sambu, pale barabara ya Namanga
inaposikika lakini haionekani.
Kundaeli alitaka mawe ya msingi, tripu mbili,
kwa nyumba ya mtu wa Sakina
ambaye sijawahi kumwona
ila namjua kwa haraka zake.

Rundo hili nalila tangu mwaka juzi.
Nasema nalila, maana limenilisha:
michango ya shule ya Lomayani, miwani ya mama,
bati kumi na mbili,
na lile deni la kikoba lisilotajwa wakati wa kula.
Sikuwahi kujiuliza nani alirundika.
Mawe ni mawe. Mlima ulitapika, watu wakaokota.

Leo mtarimbo ukalia vingine.
Haukulia jiwe kwa jiwe;
ulilia kama mlango
unaogongwa na mtu aliyekosea nyumba.

Nikainua bamba. Chini yake bamba lingine, limesimamishwa,
na jingine limeliegemea bega kwa bega.
Hakuna mlima unaopanga hivyo.
Ndani, giza la ukubwa wa kitanda cha mtoto,
na humo mtu
amelalia ubavu, magoti kifuani,
kiganja chini ya shavu,
kama tulalavyo sisi mwezi wa sita
baridi ya Meru ikishuka.

Sikukimbia. Watasema nilikimbia.
Nilikaa kitako nikafungua kitambaa kichwani.

Mbele ya uso wake, bakuli la jiwe.
Nikatia kidole: laini,
limesuguliwa na mkono uleule miaka na miaka,
dawa, au ugoro, au rangi ya kujipaka.
Kidole kikatoka chekundu.
Na shanga tatu, uzi wake umeondoka zamani
nazo bado zimekaa kwa mstari, zikiusubiri.

Wa ukoo gani, sikuona mahali pa kuuliza.
Lomayani husema walikuwapo watu hapa
kabla ya chuma, kabla ya jembe,
nami humjibu amalize kuteka maji kwanza.
Meno ya upande mmoja yalikuwa yamelika.
Baba naye alitafunia upande mmoja.

Kaburi la baba ni udongo mtupu.
Tulisema tutalijengea Desemba.
Hii ni Desemba ya nne,
na nimeuza mawe ya kutosha kujenga nusu ya Sakina.

Bibi yangu, tukitoka mnadani,
akipita penye rundo kama hili
aliokota jiwe, akalitemea mate ya baraka, akalitupa juu,
akaendelea na habari ya bei ya mbuzi.
Hakuwahi kueleza. Wala mimi, na kuni zangu kichwani, sikuuliza.
Kumbe kila mpita njia alileta lake.
Kumbe mimi ndiye wa kwanza kwenda kinyume.

Bamba kubwa kuliko yote liliondoka jana.
Wanaume wanne walilisukuma garini wakitukana.
Litakuwa kizingiti, Kundaeli alisema, safi sana, halihitaji hata kuchongwa.
Basi mtu wa Sakina atapangusa viatu
juu ya dari ya mwenzake,
wageni watakaribishwa hapo,
hodi, hodi,
na humu atakayesikia nani.

Nilirudisha bakuli. Shanga nilizihesabu mara mbili
nisije nikajidanganya.
Nikafunika kwa niliyoyavunja tangu asubuhi,
yote, mpaka mikono ikakataa.

Saa nane honi.
Kundaeli akateremka, akapima kwa macho,
akahesabu kwa kidole, akahesabu tena.
"Hii tripu pungufu, Nembris."
"Kata hela."
"Na lile rundo lote pale?"
Nilikuwa nafunga kitambaa, pini iko mdomoni.
"Lile lina mwenyewe."