Herufi Mbili

Siku yangu ya kwanza katika soko la Kenya
(mtaa wa Lubumbashi, si nchi)
niliomba unga wa bugali.
Mama mwenye meza akanitazama
kama mtu aliyesikia jina lake likitamkwa vibaya.
"Bukari," akasema,
akisawazisha meka kwa kisu ili unga usizidi.
"Hapa, dada, ni bukari."

Herufi mbili tu. G imekuwa k, l imekuwa r.
Lakini mimi nilitoka Bukavu hadi Uvira,
nikavuka Tanganyika usiku,
Kalemie nikalala juu ya magunia ya watu,
nikapanda treni iliyosimama porini siku nne
bila mtu kutuambia kwa nini.
Herufi mbili zina urefu huo.

Nikaomba mawese.
"Sema mafuta ya ngazi."
Nikaomba mandazi ya safari iliyobaki,
akacheka, akanifungia vitumbula vitano
katika karatasi ya daftari la hesabu,
saba mara nane ikiloa mafuta.
Kuku alikuwa kuku.
Munyu ulikuwa munyu.
Niliukumbatia ule munyu
kama mtu aliyekutana na shangazi yake stesheni.

Nikamuuliza jina.
"Mama Mujinga."
Nikanyamaza. Kwetu hilo humtupia
mtoto aliyemwaga maziwa,
halafu unatubu.
Akauona uso wangu, akajishika shingo:
"Nilizaliwa kitovu kimenizinga hapa.
Ndivyo tunavyowaita."
Mjinga, basi, nilikuwa mimi.

Huu ni mwaka wa nane.
Nsimire wangu alizaliwa hapa, Katuba,
ana mapengo mawili mbele
na maneno yote ya barabarani.
Jumapili bibi yake hupiga simu kutoka Kadutu.
"Umekula nini, mwana wangu?"
"Bukari, tomson, na kikanda."
Kimya.
Nasikia mvua ya Bukavu ikipiga mabati yetu.
"Mpe mama yako simu," anasema bibi.
Kisha, kwangu, kwa sauti ya kesi:
"Mnamlisha mtoto mukanda?"

Namweleza: ni viazi vya ua la porini,
husagwa, huchanganywa na karanga,
huiva mpaka hukatwa vipande kama mkate.
"Na musururu? Muulize kama anakunywa musururu."
"Mama, musururu ni nini?"
"Ni kama munkoyo, ila…"
na hapo nakwama,
maana si kama munkoyo.
Munkoyo una ladha ya mzizi.
Musururu una ladha ya mtama
na kikombe cha plastiki chenye ufa
tulichogombania watoto sita.
Hilo nitalisema kwa neno gani?
Ninakaa katikati yao
nikitafsiri Kiswahili kwa Kiswahili,
na salio la simu linakwisha kabla yangu.

Mwezi uliopita zilikuja sambaza,
gigozi tatu, kavu,
zimefungwa katika kitenge cha mama
ambacho nilidhani kimeshakuwa matambara.
Harufu ilifika kabla ya mchukuzi.
Nikamwita Mama Mujinga.
"Kapenta!" akasema kabla hajakaa.
"Sambaza. Za ziwa Kivu."
"Zina macho, zina mkia. Kapenta."
Mke wa Kasongo, mzaliwa wa Uvira,
akaingia bila kubisha hodi:
"Ninyi wawili, hizo ni ndagala,
hata kipofu angewaambia."
Tukabishana. Tukaapa kwa marehemu.
Chai ikapoa, ikafanya ngozi.

Nsimire alikuwa kwenye kizingiti,
sahani magotini.
"Haya, wewe mtoto wa hapa," akasema Mama Mujinga,
"tuamulie. Hizi ni nini?"
Akajifuta mdomo kwa kiganja,
akatutazama mmoja mmoja.
"Zimeisha."